Tairi za nyuma zimekwisha wiki tatu, za mbele mpya kabisa. Ni alaimenti au ni Tokyo Drift?

Mama_Kibandani (Moshi)

Wakuu habari za leo. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba.

Nianze na gari, kijana baadaye, maana gari nimelinunua mimi.

Ni Toyota Altezza rangi ya fedha, ya mwaka 2001, ya klachi. Nimelitoa kwenye kikoba na kwenye kuku, mwanangu Godi afanyie teksi: stendi, hospitali ya KCMC, akibahatika wageni awapeleke uwanja wa ndege wa KIA. Wiki tatu zilizopita nikamwekea tairi nne mpya. Siyo za mtumba, mpya zile zenye vinyweleo vya mpira. Bei siisemi, nikiisema nitaumwa tena.

Juzi asubuhi nafagia uwanja, nikainama kuokota yai chini ya gari (nina kuku mmoja ameamua hapo ndipo leba yake), macho yakaangukia tairi ya nyuma kushoto. Kipara. Kipara cha kuteleza nzi. Nikazunguka upande wa pili, ya kulia nayo imeliwa ila siyo sana. Nikaenda mbele: jamani, vinyweleo bado vipo!

Godi kumuuliza akasema, "Mama, hiyo ni alaimenti tu, tairi hazijakaa sawa." Alijibu upesi mno. Huyu mtoto ukimuuliza amekula nini anafikiria dakika nzima.

Sasa kwa nini natia shaka. Mimi nilikuwa na kibanda umiza Majengo, mabenchi kumi na mawili, runinga moja ya mgongo mnene na deki. Filamu iliyonilipia ada za shule ni ile ya magari ya Tokyo, Tokyo Drift ya mfululizo wa Fast and Furious, ya 2006. Nimeipiga sijui mara ngapi na sijawahi kuiangalia nimekaa. Nimeionea mlangoni, mkono mmoja unapokea hela, mwingine unapima karanga. Lakini naijua kwa masikio. Tairi zikianza kulia kwenye lile gorofa la kuegeshea magari najua nina dakika ngapi kabla watoto hawajatoka kwenda kukojoa.

Nilimhurumia mama wa yule kijana wa Kimarekani. Mtoto anaharibu kila mji, mama amechoka kuhamahama, anampakia ndege kwenda kwa baba yake mwanajeshi wa majini huko Japani. Basi, mama kwisha habari yake. Hakuna anayemuuliza tena mpaka filamu inaisha. Kijana hata viatu vya ndani vya shule hajui kuvaa, siku hiyohiyo kaazimwa gari la watu, kaligonga nguzo hadi nguzo. Mwenye gari ni yule Han anayekula muda wote. Han nilimpenda, siwafichi. Kila akitia kitu mdomoni, benchi la mbele zima linakumbuka njaa, na mimi nasimama na beseni la karanga.

Na hapohapo benchi la mbele ndipo Godi alipokuwa analala, ana miaka minne, nimemfunika kitenge, magari yanapita juu ya kichwa chake kila usiku. Ndiyo maana nauliza.

Naombeni mafundi mniambie, tairi peke yake inaweza kunionyesha ukweli bila mimi kumfuata mtoto usiku? Na ile kona ya kuserereka ubavu, hiyo drifti yenyewe, ni kweli gari kama hili langu linaweza, au ni uongo wa kamera? Na kama kuna mtu anajua Han alikufa au hakufa anisaidie pia. Alipotokea kwenye filamu ya nne ya mfululizo huo mwaka 2009, mteja mmoja alisimama akadai mia mbili yake, kwamba nimempigia filamu ya marehemu.

---

Chalii_wa_Kijenge (Arusha)

Mama shikamoo. Nimemwaga chai kwenye kompyuta ya ofisi kwa sababu yako.

Naanza na Han maana hilo ndilo la dharura. Ile ya Tokyo ilitoka ya tatu lakini kwa mpangilio wa hadithi inakaa baada ya ya sita. Kwa hiyo ya nne, ya tano na ya sita Han yuko hai kwa sababu ajali bado haijatokea. Mwisho wa ya sita, 2013, wakairudisha ile ajali ya Tokyo na kuonyesha aliyemgonga. Halafu 2021 kwenye ya tisa wakasema hakufa kabisa. Mteja wako mrudishie mia mbili yake au mdai wewe, hapo mtajuana.

Kuhusu uongo wa kamera: upo na haupo. Ile kona ya mlimani ya mwisho, wakishuka usiku, mlima wenyewe uko California. Na pale Shibuya magari yanapopenya katikati ya watu, usidhani Wajapani walifungiwa njia panda yao. Kibali cha kufunga mahali kama pale hakipatikani, ikabidi waunganishe picha za kule na zilizotengenezwa Los Angeles. Lakini kuserereka kwenyewe kulifanywa na madereva wenye mwili na damu. Yule mvuvi mzee anayemcheka kijana akijifunza kule bandarini unamkumbuka? Ni Keiichi Tsuchiya, Mjapani ambaye dunia nzima inamwita mfalme wa drifti. Wamemkalisha na ndoano anamcheka mwanafunzi, na yeye huyohuyo alikuwa anawasaidia kuendesha.

Kitu kimoja zaidi, ukipata nafasi. Kuna mahali kijana anaambiwa polisi wa Japani hawamfukuzi mtu akizidi kilometa 180 kwa saa kwa sababu magari yao hayavuki hapo. Nenda kaangalie dashibodi ya Altezza yako. Mshale unaishia 180. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya kule kwao yamefungwa hapo. Mimi nilipoligundua hilo kwenye Toyota IST ya mjomba nilijiona nimeigiza.

---

FundiDifu (Unga Limited, Arusha)

Shikamoo mama. Mimi difu, yale magia ya nyuma yanayogawia tairi nguvu, nazifungua mwaka wa kumi na sita huu. Acha mambo ya Shibuya tuongee tairi.

Tairi usiikague kwa macho. Papasa. Gari likiwa limelala na baridi, weka kiganja juu ya tairi, kivute kutoka ndani kuja nje, halafu kirudishe. Alaimenti mbovu inakula ukingo mmoja: ndani kipara, nje mistari bado ipo. Kwa Altezza hilo lipo kweli, usimwone mtoto mwongo moja kwa moja. Miguu yake ya nyuma kila mmoja unajitegemea, bushi, vile vipira vya maungio, ni nyingi, na kwa mashimo yetu zikichoka tairi inakaa upande kidogo, inaburuzwa kama mtoto asiyetaka shule. Ila huo ukingo unaliwa kwa miezi. Wiki tatu sijaona.

Tairi iliyounguzwa ina sura yake. Imeliwa upana wote, ndani mpaka nje. Halafu hailainiki, inakuwa na mawimbimawimbi, mpira uliyeyuka ukaganda, ukipitisha kucha kinabanduka kipande. Kisha piga magoti, chungulia ndani ya madigadi ya nyuma, pale juu ya tairi. Ukikuta vidonge vyeusi vimeng'ang'ania kama kinyesi cha mbuzi, hiyo siyo alaimenti. Alaimenti haitupi mpira juu.

Sasa nisaidie kitu kimoja kabla sijaendelea. Nyuma ya buti pameandikwa RS200 au AS200? Na unaposema kushoto imeisha zaidi, una hakika ni kushoto ukiwa umekaa ndani ya gari unaangalia mbele?

---

Mama_Kibandani

AS200. Kushoto nakujua mwanangu, nimefundisha Sunday school.

Nimepapasa. Kiganja kimerudi cheusi na kipande cha mpira kimebaki kwenye kucha. Madigadini nimekuta vidonge. Nimevikusanya kwenye kifuko cha karanga, vinatosha kuuzwa.

---

FundiDifu

Pole mama.

Basi sikiliza, maana umenipa habari kubwa kuliko uliyoiuliza. RS200 ndiyo yenye injini kali, nguvu za farasi 210, na nyingi za klachi zinakuja na difu ya kubana. Ya kwako ni injini ya 1G, silinda sita, mpole. Difu yake kwa kawaida ni ya wazi. Maana yake, tairi mbili za nyuma zinaruhusiwa kuzunguka kwa kasi tofauti, ili kwenye kona ya nje iende mbio na ya ndani iende taratibu. Ni kitu kizuri ukiwa na abiria. Ubaya wake ukikanyaga mafuta kwa fujo ukiwa umekunja usukani, uzito wote wa gari unalalia tairi ya nje, ya ndani inabaki nyepesi, inaanza kuzunguka bure, inaungua yenyewe. Gari la drifti halisi difu yake inabana, tairi mbili zinaenda sawa na zinaisha sawa. Wasio na hela wanaichomelea kabisa.

Tairi ya ndani ukikata kushoto ni ya kushoto. Kwa hiyo kijana wako anazunguka kushoto. Kulia bado hajaweza, ameanza juzijuzi ndiyo maana ile ya kulia imeliwa kidogo.

Na mtu anayezunguka upande mmoja hayuko barabarani. Barabara ya mlimani ina kona za pande zote. Huyo yuko mahali pa wazi, peke yake au na wenzake, anachora mduara. Na chini siyo vumbi. Vumbi halili tairi hivyo. Tafuta lami au zege, pana, pasipo na watu usiku. Wewe ni mwenyeji wa huko, sina haja ya kukuambia.

Na breki ya mkono vuta usikie. Ikipanda juu kama mkono wa mwanafunzi mwenye jibu, ndiyo hiyohiyo habari: imevutwa sana kuserereshea gari.

---

Altezza_Damuni (Arusha, Njiro)

Mama shikamoo, naomba unisikilize na mimi maana kila mtu humu anamhukumu Godi.

Drifti siyo uhuni. Japani kuna mashindano rasmi, D1 Grand Prix, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, majaji wanatoa alama kwa mwendo, pembe na mstari, kama sarakasi. Aliyeianzisha staili yenyewe kwenye viwanja vya mbio ni Kunimitsu Takahashi, miaka ya 70, mtu mzima na heshima zake. Tsuchiya aliyetajwa hapo juu aliitazama, akaipeleka kwenye barabara za milimani usiku na Toyota ndogo tu ya AE86, gari ambalo kwa nguvu halifiki hata Altezza yako. Maana yake siyo hela, ni mkono.

Na mjue pia Mitsubishi Evo nyekundu ya kwenye filamu kwa asili inasukuma tairi zote nne, ikabidi wazikatie nguvu tairi za mbele ndiyo iserereke. Godi amejifunza kwa 1G na difu ya wazi! Yaani mama, kuserereka na hilo gari ni kama kucheza mpira na gambuti. Mtoto ana kipaji. Mtafutie difu ya RS200 ya mtumba na rimu za mazoezi zenye tairi kuukuu, asiunguze mpya.

---

Mama_Kibandani

Njoo Moshi uniambie hayo nikiwa na mwiko mkononi.

Na huyo Tsuchiya wako nimemuulizia kwa mpwa wangu anayejua hayo mambo. Kaniambia hata yeye kwao leseni yake ya mashindano iliwahi kusimamishwa, kwa sababu ya video aliyojirekodi akiyafanya hayo milimani. Hilo umeliruka.

---

Meku_wa_Kibosho

Mama Godi habari. Mimi ni mzee, magari ya Tokyo siyajui. Ila mjukuu amenisomea haya yote nikaona niseme neno.

Mnaongea kama gari kwenda ubavu lilianza Japani. Safari Rally ya zamani ilipoanza 1953 ilizunguka nchi zote tatu, na Tanganyika ilikuwemo. Joginder Singh alishinda 1965 na Volvo ambayo wengine waliona ni ya kupelekea mboga sokoni, akarudi kushinda 1974 na 1976. Kwenye tope la masika, gari linalosukumwa na tairi za nyuma lisipoenda ubavu haliendi kabisa. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la kahawa. Wakati wa mvua alishuka huku kwetu na tani zake, mkia wa lori unachungulia mgomba wa kulia, kichwa kinatazama mgomba wa kushoto, na hakuna mtu aliyempigia makofi. Mama alikuwa anasema tu rosari.

Kijana usimpige. Ila gari mnyang'anye.

---

Chalii_wa_Kijenge

Meku hapo umeua. Lori la kahawa nalo lipewe filamu yake.

Mama, umekwenda kuangalia hiyo zege? Ofisi nzima huku tunasubiri, hata bosi ameuliza.

---

Mama_Kibandani

Nimekwenda.

Nilikaa nikafikiri: zege, pana, usiku hapana watu. Huku njia ya kwenda mashamba ya miwa kuna ghala lilibomolewa zamani, ikabaki sakafu tupu, watu wanaanikia mahindi mwezi wa nane. Saa hizi hakuna mahindi. Nikachukua bodaboda, nikamwambia kijana anisubiri.

Fundi, Mungu akubariki na difu zako. Mduara mweusi, juu yake mwingine, na mwingine, kama mtu anayejaribu kalamu iliyogoma kuandika. Nimetembea juu yake kwa miguu nikifuata mkunjo. Kushoto. Yote kushoto. Pembeni kabisa kulikuwa na kimoja kimejaribu kwenda kulia, kikaishia njiani, halafu alama ya gari lililozimika. Katikati ya mduara kuna debe la rangi limepondwa. Nadhani ndilo lilikuwa linazungukwa. Yule kijana wa bodaboda akaniambia, "Mama, hapa wanakuja vijana Jumapili usiku, ila yupo mmoja wa Altezza huwa anakuja peke yake." Nikamwuliza anaweza? Akasita, akasema, "Anajitahidi."

Nitawaambia ukweli, pale nilisimama muda. Nimekaa mlangoni miaka yote ile nikisikia tairi zinalia, sijawahi kuona alama zake chini. Ghafla nikaona kitenge changu kwenye benchi la mbele. Bodaboda akapiga honi, nikarudi.

Godi alirudi jioni na mandazi, ananijua nikinyamaza. Nikamwekea chai. Nikamwuliza swali moja:

"Mbona unazunguka kushoto tu?"

Mandazi yakabaki hewani. Safari hii alifikiria kile kidakika chake kizima. Halafu akasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Kulia inazima, mama." Kisha, "Nani amekuambia?"

Nikamwonyesha kile kifuko cha karanga.

Tumeongea mpaka saa tano. Mengine ni ya kwetu. Amesema kwenye zege hajawahi kupakia mtu na barabarani hajafanya, na kwa hilo la barabarani nina ushahidi wa fundi. Tairi mbili atazilipa kwa mikono yake: kuanzia kesho banda la kuku ni lake, kufagia, maji na mayai. Meku nimekusikia. Wewe wa Njiro, difu ya RS200 usimtajie tena mwanangu, nimeona umemtumia ujumbe pembeni.

Gari nimelipandisha juu ya mawe, tairi zote nne zipo chini ya kitanda changu. Yule kuku amepata leba yenye paa la kudumu, leo ametaga mawili.

Asubuhi Godi akaniuliza aende stendi na nini. Nimempa nauli ya haisi.